Nguzo Huozea Usawa wa Ardhi

Aliyewahi kubomoa nyumba ya tembe anajua nguzo zake huozea wapi. Juu, zinapobeba boriti na udongo wa paa, mti huwa mkavu na mgumu. Ukiupiga panga unalia. Chini kabisa, ndani ya shimo, mara nyingi nako mti umetulia. Pabaya ni katikati, usawa wa ardhi, kiasi cha kiganja kimoja juu na kiganja kimoja chini. Hapo ndipo nguzo inapokatikia.

Miezi michache iliyopita tulibomoa nyumba ya marehemu bibi yangu, upande wa magharibi wa mji wa Singida. Nguzo ya kona ilipong'olewa nikakaa chini kuitazama. Ncha ya juu ilikuwa bado ina alama za shoka. Ncha ya chini ilinuka udongo mbichi, lakini ukucha haukuingia. Kiunoni mti ulikuwa umebadilika kabisa: mweupe, mwepesi, umechambuka nyuzinyuzi kama pamba iliyoloa. Nilipoukunja kidogo ulifunguka bila sauti, na ndani yake kulikuwa na utando mwembamba mweupe uliotambaa kufuata urefu wa mti. Nikachana kipande kama kidole gumba, nikakiweka kwenye bahasha.

“Huo uozo tu, mjomba,” alisema mjomba wangu aliyekuwa akisimamia kazi. “Kuni hata haifai.”

Alisema kweli, haifai kuni. Kinachoungua vizuri ndani ya mti kilikuwa kimekwisha kuliwa. Aliyekula ni kuvu, au fangasi kama wengi tunavyosema siku hizi. Kuvu inayokula mti inataka maji na inataka hewa, vyote viwili kwa pamoja. Mti ukiwa mkavu, maji yaliyomo yakiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haifanyi kitu. Ndiyo maana boriti za juu hudumu. Mti ukizama kwenye tope zito au maji yaliyosimama, hewa haifiki, na kuvu inakwama tena. Usawa wa ardhi ndipo mvua na hewa vinapokutana, na hapo karamu haikosekani.

Naianza habari hii kwa nguzo kwa sababu kanuni hiyo ndogo ya kiunoni ndiyo iliyoamua tunajua nini, na hatujui nini, kuhusu misitu iliyosimama juu ya ardhi hii kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani. Na mkoa wetu una ushahidi wake.

Kuna mahali paitwapo Mahenge. Si Mahenge ya Ulanga kule Morogoro, ambayo wachimbaji wa vito wanaijua. Hii ni ya Singida, magharibi mwa mji. Takriban miaka milioni 46 iliyopita, katika enzi ambayo wanajiolojia wanaiita Eosini, miamba iliyoyeyuka ilipanda kutoka kina kirefu cha dunia, ikalipuka ilipokaribia juu na kuacha shimo la mviringo. Shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo lenye kuta kali. Mwamba uliopanda ni kimberlaiti, ule ule unaobeba almasi Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940. Wapimaji walizunguka Singida kwa matumaini hayo hayo. Mmoja wao, mwanajiolojia George Mannard, alichunguza miamba hii ya kimberlaiti kwa undani. Singida haikupata Mwadui yake. Ilipata kitu kingine, na mimi sioni kama ilidhulumiwa.

Chini ya ziwa lile tope laini lilikuwa likitua taratibu, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Lilipogeuka mwamba likawa linapasuka kama kurasa za daftari. Kwenye kurasa hizo wamekutwa samaki kamili, mwiba kwa mwiba. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki P. H. Greenwood alimwelezea mmoja akampa jina la Palaeodenticeps tanganikae, wakati nchi bado inaitwa Tanganyika. Mwaka 1967 yeye na Colin Patterson wakamwelezea mwingine, na jina walilompa linaanza na la mkoa wetu: Singida jacksonoides. Miaka ya 1990 timu iliyoongozwa na Terry Harrison, ikiwa na mwenzao Charles Msuya, ilirudi pale kufukua upya. Matokeo yake yaliendelea kutoka mwaka hadi mwaka. Alison Murray alitambua aina 5 za samaki wa jamii ya perege na sato, akaziita Mahengechromis; ni miongoni mwa wakongwe kabisa wa jamii hiyo wanaojulikana. Mwaka 2003 akatangazwa popo, Tanzanycteris mannardi, aliyepewa jina la yule mpimaji wa kimberlaiti. Sikio lake la ndani lilikuwa tayari limeumbika kwa kusikiliza mwangwi gizani. Mwaka 2005 akafuata chura, Singidella latecostata.

Samaki na popo ndio waliovuma. Mimi nimevutwa zaidi na majani.

Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs ndio walioyasoma. Waliona kwamba msitu uliozunguka ziwa ulitawaliwa na miti ya jamii ya mikunde, jamii ya migunga na miyombo. Jani moja wakaliita Aphanocalyx singidaensis. Kwa kupima ukubwa na umbo la majani walikadiria mvua ya wakati ule kuwa kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, ambayo ni karibu sawa na inayonyesha Singida sasa. Maana yake ni kwamba mwanasingida wa leo angeshushwa kando ya ziwa lile asingeona msitu mnene unaodondosha maji. Angeona pori la miti iliyoachana, lenye msimu wa mvua na kiangazi kirefu, pori linalofanana kwa sura na miyombo anayoijua kule Manyoni. Wanyama wangemshangaza. Pori lisingemshangaza.

Sasa turudi kwenye nguzo. Majani yale yalibaki kwa sababu yalizama. Ziwa la shimo la volkano, lenye kuta kali na kina, halikorogwi na upepo hadi chini. Maji ya sakafuni hukosa oksijeni. Jani likishafika huko limefika ndani ya shimo la nguzo: kuvu hailifuati. Mahenge ni ncha ya chini ya nguzo. Inatuonyesha kilichoepuka kuliwa, na inakionyesha kwa uzuri wa kushangaza, mishipa midogo ya jani ikionekana kama juzi lilikuwa mtini. Ila pori zima lililobaki juu, yale magogo yaliyoanguka kando ya ziwa, matawi, vigogo vya miti iliyopigwa radi, hayo yote yalibaki usawa wa ardhi. Yakaliwa.

Nani aliyala? Alikulaje? Jibu la swali hilo halipatikani kwenye jani zuri. Linapatikana kwenye gogo lililoanza kuoza, kisha likawahiwa kabla halijaisha.

Magogo ya namna hiyo yapo. Mti ukizikwa upesi na mchanga wa mto au majivu ya volkano, maji ya ardhini yanaupitia yakiwa yamebeba silika, madini yale yale yaliyomo kwenye kioo na mchanga mweupe. Silika inaganda ndani ya kila seli, kwanza kwenye matundu, halafu ndani ya kuta. Watu hudhani kazi hiyo lazima ichukue mamilioni ya miaka. Nchini Japani, kwenye ziwa la maji moto la mlima Tateyama, watafiti waliacha vipande vya mti majini. Baada ya miaka 7 walikuta silika imeingia hadi kufikia karibu asilimia 40 ya uzito. Afrika Mashariki, yenye bonde la ufa na majivu ya volkano kila upande, ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Kenya ina msitu wa mawe wa Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana. Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, ilitoa pia mbao zilizogeuka mawe, ingawa kila anayetaja Tendaguru anataja mifupa tu.

Ukiwa na gogo la jiwe, unalikata kwa msumeno wenye meno ya almasi, unalibandika kwenye kioo, unalisugua hadi libaki na unene wa takriban sehemu 3 za mia za milimita. Hapo mwanga unapita ndani ya jiwe. Unakata mara tatu: kukingama mti, kuelekea moyoni mwake, na kando ya moyo, kwa sababu mti una sura tatu na kuvu inapita kwa namna tofauti katika kila moja. Chini ya hadubini unaona seli zimepangwa kama matofali. Na ukibahatika unaona nyuzi za mlaji mwenyewe, zenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita, zimepenya kutoka seli hadi seli. Wakati mwingine kwenye uzi kuna kifundo kidogo cha pembeni, kama mkono unaoruka kiungo na kushika mbele yake. Kuvu za kundi la uyoga ndizo zenye kifundo hicho. Kukiona ndani ya jiwe ni sawa na kukuta alama ya kidole cha mwizi ukutani.

Hata nyuzi zisipoonekana, namna ya kula inamtaja mlaji. Seremala yeyote anajua kuwa mti hauozi kwa namna moja. Upo uozo mweupe, kama ule wa nguzo ya bibi: kuvu inavunja lignini, ile gundi ngumu inayoufanya mti uwe mti, na kubakiza nyuzi nyeupe za selulosi zilizoachana. Upo uozo wa kahawia: kuvu inakula selulosi na kuiacha lignini, na mti unapasuka vipande vya mraba kama dadu, ukivisugua vinakuwa unga. Na upo uozo laini wa mbao zinazokaa kwenye unyevu mwingi, ambapo mlaji anachimba vishimo ndani ya ukuta wa seli wenyewe. Kila mmoja wa hawa anaacha mchoro wake, na silika haichagui. Inaganda kwenye tundu la uozo kama inavyoganda kwenye seli nzima.

Kazi kubwa ya kusoma michoro hii ilifanywa na Sara Stubblefield na Thomas Taylor miaka ya 1980. Mwaka 1985, wakiwa na Charles Beck, walieleza uozo ndani ya mti wa Marekani wa enzi ya Devoni, zaidi ya miaka milioni 350 nyuma, miti ikiwa bado mipya duniani. Mwaka uliofuata waliandika juu ya mbao za mawe kutoka Antaktika, zikiwa na matundu ya uozo mweupe yaliyojipanga kama ya mti wa leo. Antaktika, bara la barafu tupu, ilikuwa na misitu, na misitu hiyo iliozea palepale kama yetu. Geoffrey Creber na Sidney Ash nao mwaka 1990 walionyesha kuwa yale magogo maarufu ya mawe ya Arizona, ambayo watalii wanapiga nayo picha, mengi yalikuwa yameshambuliwa na kuvu.

Katika yote niliyosoma, kilichonigusa zaidi ni mti mmoja wa Antaktika wa enzi ya Jurasi, ulioelezwa mwaka 2012 na Carla Harper na wenzake. Ndani ya mishipa yake ya maji kuna mapovu madogo yaliyoziba njia. Mti ulio hai hufanya hivyo ukishambuliwa: unaziba mishipa yake mwenyewe ili adui asisambae. Maana yake kuvu iliingia mti ukiwa bado umesimama na kunywa maji, na mti ukajitetea. Vita hivyo vya mti na kuvu, ambavyo hata kama ungekuwepo siku ile usingeviona wala kuvisikia, vimehifadhiwa.

Kisukuku kizuri cha kukaa kabatini kinakueleza kiumbe alikuwa na umbo gani. Kisukuku kilichooza kinakueleza zaidi ya hapo: gogo lililala muda gani juu ya ardhi kabla ya kuzikwa, kulikuwa na unyevu kiasi gani, nani alikuwa jirani yake, na nani alimla nani. Nasikitika ninaposikia mtu ameokota vipande viwili vya mti wa jiwe, akakiweka kile kilichong'aa na kukitupa chenye matundu. Mara nyingi habari iko kwenye kile chenye matundu.

Kabla sijaondoka kwenye magogo, kuna hadithi moja inayopendwa ambayo nadhani Watanzania tuna haki ya kuitilia shaka. Inasimuliwa kuwa makaa ya mawe yalilimbikizana duniani kwa sababu miti ilitangulia na kuvu ya uozo mweupe ikachelewa. Magogo yakarundikana bila mlaji, hadi kuvu ilipojifunza kuvunja lignini na makaa yakakoma kutengenezwa. Mwaka 2012 uchunguzi wa jeni uliochapishwa na Dimitrios Floudas na wenzake ulikadiria kuwa uwezo huo wa kuvunja lignini ulianza karibu na mwisho wa enzi ya Karbonifera, kama miaka milioni 300 iliyopita, na hadithi ikapata nguvu. Lakini mwaka 2016 Matthew Nelsen na wenzake waliipinga, wakisema makaa yanafuata mabonde yanayodidimia na vinamasi vilivyojaa maji. Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kuona kwa nini. Makaa yetu ya Mchuchuma, Ngaka na Kiwira si ya Karbonifera. Ni ya enzi iliyofuata, Permi, wakati mlaji alikuwa ameshafika mezani. Yalitunzwa na kinamasi, maji yaliyosimama bila hewa. Ni ile ncha ya chini ya nguzo tena, safari hii ikiwa na ukubwa wa wilaya nzima.

Mpaka hapa kuvu amekuwa mwizi wa usiku. Lakini ushahidi bora wa kale wa kuvu inayokula mti Tanzania haukukutwa ndani ya gogo. Ulikutwa ndani ya kichuguu.

Kusini-magharibi mwa nchi, kwenye bonde la ufa la Rukwa, kuna miamba iitwayo Nsungwe yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Ndimo walimotoka Rukwapithecus na Nsungwepithecus, nyani wawili wa kale waliotangazwa mwaka 2013. Timu ya Eric Roberts, ikiwemo Cassy Mtelela wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Nancy Stevens na Patrick O'Connor, ilikuta humo vyumba vya mchwa vilivyogeuka jiwe. Na ndani ya vyumba, mashamba ya kuvu yakiwa bado mahali pake. Walitangaza mwaka 2016. Kabla ya hapo shamba la kale zaidi lililojulikana lilikuwa la Chad, la miaka milioni 7. Rukwa ikasukuma historia ya kilimo cha mchwa nyuma zaidi ya mara tatu. Wakiunganisha umri huo na jeni za mchwa walio hai, walikadiria kuwa kilimo chenyewe kilianza kama miaka milioni 31 iliyopita, hapa hapa Afrika.

Ili kuelewa walichokiona, fungua kichuguu. Nimefanya hivyo mara nyingi utotoni, na mara moja tena mwezi huo huo wa kubomoa nyumba. Ukishavunja ukuta mgumu wa nje unafika kwenye vyumba vya mviringo, na katika kila chumba kuna kitu cha rangi ya kahawia chenye mikunjo, kama ubongo wa mbuzi au sponji kavu. Wenzetu wafugaji wa nyuki wangekiita sega, na wataalamu nao wanakiita hivyo. Kishike taratibu maana kinavunjika. Kikaribishe jichoni. Kimejengwa kwa vidonge vidogo, maelfu kwa maelfu, kimoja juu ya kingine. Juu ya vidonge kuna vinundu vyeupe, vidogo kama punje za ulezi, vinang'aa kidogo kama vimepakwa maziwa.

Vidonge ni mti. Mchwa vijana wanakula mbao, majani makavu na nyasi pamoja na vinundu vyenye mbegu za kuvu, vinapita tumboni haraka, wanavitoa na kuvijengea sega. Mchwa peke yao hawaiwezi lignini. Kuvu, ambayo wataalamu wanaiita Termitomyces, ndiyo inayoivunja pale kwenye sega, polepole, katika joto na unyevu ambao mchwa wanaulinda kwa kufungua na kuziba matundu ya kichuguu. Sehemu ya sega iliyoiva inaliwa, na mpya inajengwa. Kwa hiyo kichuguu ni tumbo lililowekwa nje ya mwili. Uozo mweupe uliovunja nguzo ya bibi yangu, mchwa wameuingiza ndani ya nyumba, wameupa chumba, na wanaulisha.

Katika jiwe la Rukwa, vidonge vinaonekana. Vimepangwa vile vile. Kama ungeweza kuuweka mkato wa jiwe lile kando ya sega nililolishika mkononi, ungehitaji muda kueleza tofauti. Miaka milioni 25, na hawajabadili mpango wa shamba.

Hapa Singida tunajua mwisho wa kazi hiyo kwa njia ya mdomo. Mvua za kwanza zikishaloweka ardhi, kuvu ya kichuguu inapeleka shina refu kutoka kwenye sega, linapasua udongo, na asubuhi unakuta uyoga umefunguka kama mwavuli. Bibi alikuwa na vichuguu vyake ambavyo hakuvionyesha majirani. Alituamsha kabla ya jua, “Amkeni wajukuu zangu, kabla kuku hawajaamka,” na sisi tukamfuata tukiwa na vikapu. Alitufundisha kuchimba kidogo kufuata mzizi mrefu wa uyoga, na kama mzizi haukushuka kuelekea kichuguuni tuliuacha. Kuna aina ya Termitomyces nchini Zambia ambayo kofia yake hufikia upana wa karibu mita moja. Wa bibi ulikuwa saizi ya sahani, na mlo wa nyumba nzima ulitoka kwenye kofia tatu au nne.

Sasa rudi Mahenge pamoja nami, maana jani moja lilinibakia akilini. Lile Aphanocalyx singidaensis. Aina za leo za Aphanocalyx nyingi ziko kwenye misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na ukoo wake mkubwa ndio huo huo unaobeba miyombo, mitundu na jamaa zao wa pori la Tabora na Manyoni. Miti ya ukoo huo ina sifa moja: mizizi yake inashirikiana na kuvu za ardhini. Kuvu inavika ncha za mizizi kama soksi, inauletea mti fosforasi na maji, mti unailipa sukari. Ndiyo maana chini ya miyombo, mvua ikinyesha, uyoga wa rangi zote unatoka. Kama mababu wa mti ule wa Mahenge walikuwa na desturi hiyo tayari, na kuna sababu ya kudhani hivyo, basi jani lile lililozama na kuikwepa kuvu lilikuwa limekuzwa na kuvu.

Mahenge haijafukuliwa ikaisha. Yaliyotoka ni ya eneo dogo. Ningependa siku moja kuona mtu akiyatazama tena majani yale, hadubini ikiwa mkononi, si kwa ajili ya jani tu bali kwa madoa yaliyo juu yake, matundu, vidoti vyeusi vya ukungu wa majani. Na ningependa vijana wa Ikungi, Iramba na Mkalama wanaochunga mbuzi kwenye makorongo wajue kwamba jiwe lenye pete za mti ndani yake ni mali ya kale ya nchi, kwamba likiokotwa linafaa kupelekwa kwa mwalimu au ofisi ya halmashauri pamoja na maelezo ya mahali lilipokuwa, na kwamba kama lina mashimo na sehemu zilizoliwa, lisisafishwe.

Bahasha yangu iko mezani ninapoandika. Kipande cha nguzo kimekauka, kimekuwa chepesi kuliko karatasi kilimowekwa, na utando wake mweupe umesinyaa hadi unaonekana kama vumbi. Wiki mbili zilizopita nilikiweka kwenye kisahani nikakinyunyizia maji, nikakifunika kwa bakuli. Siku ya sita, nikiinua bakuli alfajiri, kulikuwa na nyuzi mpya, nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zimevuka ukingo wa mti na kuanza kutambaa juu ya kisahani. Siwezi kuapa kuwa ni kuvu ile ile ya nguzo na si ukungu uliotoka jikoni. Nimekirudishia bakuli.